Papasi Hawana Mfadhili

Jumatano, 4 Machi
Bwana Mbu, mwenzangu wa utafiti wa mbu, kapewa friji la pili! Mimi na utafiti wangu wa papasi, wale kupe wa nyufani, bado tuko stoo, nyuma ya mafagio. Mbu wana wafadhili, papasi wana mimi. Nimerudi nyumbani nimenuna, nikamkuta shangazi anatetemeka kwa homa. Nikamtoboa kidole, nikatazama kwa hadubini. Vijidudu vya homa ya papasi, vinajinyonganyonga! Kumbe ushahidi umelala miaka yote kwenye nyufa za chumba chake. Nimefurahi, kisha nikaona haya kidogo.

Alhamisi, 5 Machi
Dawa ninayo kabatini. Ila akiimeza leo, damu itasafika, na mkurugenzi wa kituo, mgawaji wa fedha za utafiti, yuko safarini hadi Jumatatu. Nikimwonyesha kioo chenye damu ya jana tu, Bwana Mbu atasema nimekiokota mahali. Lazima aone damu ikitoka kidoleni. Nimemwomba shangazi avumilie. Amesema damu yake si chai ya kuwekea wageni. Kisha akakubali, kwa kuwa ni mimi. Alinilea tangu mama afariki, na hajawahi kuninyima kitu.

Jumatatu, 9 Machi
Mkurugenzi kaja, Bwana Mbu nyuma yake kama mkia. Homa imeshuka tangu jana! Ndiyo tabia yake, huondoka kisha ikarudi. Mwenyewe nimeliandika hilo kwenye kila ripoti. Kwenye kioo, hakuna kitu. Shangazi amewakaribisha viti, anatabasamu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwana Mbu amenipa pole, na pole yake imeniuma kuliko kicheko. Nimemwambia shangazi dawa tuiache kwanza, hadi homa irudi.

Jumanne, 17 Machi
Homa ilirudi jana, kwa nguvu. Nilikimbia kumwita mkurugenzi, nikamsubiri nje ya mkutano wake. Niliporudi, dada yangu, aliyekuja kumuuguza, alikuwa ameshamfunika shangazi uso. Tumemzika leo. Nimelia hadi sauti imekauka. Sasa hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 28 Machi
Dada amehamia chumba cha shangazi ili nisikae peke yangu. Sikukipulizia dawa ya wadudu, maana wale papasi ni ushahidi. Tangu asubuhi anatetemeka. Nimepima damu yake, vijidudu vimejaa kuliko vya shangazi. Anaomba dawa. Nimemwambia avumilie kidogo tu, mkurugenzi ameahidi kupita Jumatatu.