Pikipiki Iliyopashwa Moto kwa Heshima Yangu

Jumatatu, 4 Agosti

Adila kaondoka asubuhi kwenda Ubena. Dada yake Mina kajifungua, naye kaenda kumsaidia mpaka mwisho wa wiki. Maagizo: kuku wapewe maji, mlango ufungwe, cherehani chake kisiguswe. Hasa cherehani. Ndicho kinachotulisha. Nusu ya wanawake wa Zinga wanavaa alichokishona yeye, na sare za wanafunzi alizokwisha kuzikata zimejaa mezani zinamsubiri. Kanitazama sana alipokitaja. Nikamwuliza, mke wangu, unanidhania mtoto?

Hata kona hajaimaliza, wazo likanijia. Lahaula, wazo gani hilo! Pikipiki!

Nikiwa na pikipiki naingia kijiweni, napakia abiria, na Shuaibu atakoma. Shuaibu ni jirani yangu, Mnyamwezi, mwendesha bodaboda mwenye majivuno kuliko wote. Sisi Wakwere na wao ni watani, basi hanipi nafasi ya kupumua. Kila akipita kwangu anapiga honi, ananiuliza kama bado natembelea miguu.

Na yuko mtu Bagamoyo, Issa, ana pikipiki ya zamani. Hataki fedha. Anataka cherehani! Mkewe Tabia anajifunza kushona. Nilishtuka mwenyewe kuona mambo yanavyojipanga. Adila akirudi nitakuwa nimeshamnunulia kipya, cha umeme. Hatajua. Na akijua, atanishukuru.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Bagamoyo kwa bajaji, cherehani nimekifunika shuka watu wasione.

Kijiweni nimewasikia mara nyingi wakisema pikipiki iliyotumika lazima uikague. Nimekagua! Honi: inalia. Vioo vya pembeni: vyote vipo, nimejiona vizuri. Siti: laini. Rangi: nyeusi ti, bado inanata vidoleni, kwa hiyo ni mpya. Tairi nikazipiga teke kama wafanyavyo wenyewe. Kidole kimevimba.

Injini niliikuta ya moto. Nikamwuliza Issa mbona ya moto, na hajaiendesha? Akasema kaipasha kabla sijafika, kwa heshima yangu, kwamba mgeni hapewi kitu baridi. Nusura nitokwe na machozi. Watu wa namna hii wamebaki wachache. Kiki moja tu, ikanguruma.

Nikataka kulinganisha namba ya chasisi na ile ya kadi. Uso ukamshuka Issa. Akaniuliza taratibu kama namwona mwizi. Tena mbele ya mkewe! Niliona haya, nikamwomba radhi na kadi nikaitia mfukoni bila kuisoma.

Tunapeana mikono, nani anatokea? Shuaibu! Kamshusha abiria jirani. Akaweka kiganja kwenye injini, akainusa oili, akachungulia chini ya siti. Akaniambia waziwazi niiache. Kwamba imezama baharini, kwamba imepashwa kwa sababu ikipoa haiwaki, kwamba nirudi kesho alfajiri niiwashe mwenyewe ikiwa baridi, ndipo nitajua.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mtani ni mtani! Huyu huyu, siku ya maziko ya ami yangu, alilala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Nani anamwamini mtani? Nikamjibu kwamba babu zake walifika Bagamoyo kwa miguu na mizigo kichwani, injini kaijulia wapi. Hakucheka. Leo utani wake umenoga kweli, mpaka uso kaukunja!

Nimerudi Zinga nikiwa nimeketi kwenye chombo changu.

Jumatano, 6 Agosti

Haiwaki.

Nimepiga kiki mpaka goti linatetemeka. Nimeibembeleza. Nimeitukana, astaghfirullah. Ikabidi niwaombe vijana wa mtaani wanisukume. Ikawaka bondeni, na moshi uliotoka, jamani! Wa bluu, mzito, ukafunika nyumba. Bi Mwaija wa nyumba ya pili akadhani naungua, akatoka mbio na ndoo ya maji aliyolowekea dagaa. Kanimwagia yote.

Shuaibu kapita. Honi tu, bila lile swali lake la miguu. Kuna kitu kimemkaa rohoni. Wivu.

Alhamisi, 7 Agosti

Abiria wangu wa kwanza: Bi Mardhiya, anakwenda Bagamoyo na trei la mayai. Tukaondoka vizuri. Mimi nanyoosha mbele, pikipiki inakwenda kushoto. Nakata kulia, inakwenda kushoto. Tukaingia shamba la mihogo. Shamba la watu! Bi Mardhiya alishuka kabla sijasimama, sijui kwa njia gani, na mayai yake kichwani, hata moja halikuvunjika. Hakunilipa. Kasema nimshukuru Mungu haniitii mwenyekiti wa mtaa.

Nikaona niioshe, pengine itatulia. Masalale! Rangi ikabanduka kama ganda la muhogo uliochemshwa. Chini yake kutu tupu. Nikabonyeza fremu kwa kidole, kidole kikazama. Nikainamisha, ukatoka mchanga. Mchanga wa pwani! Na gamba la kaa. Nimekaa chini mdomo wazi, nimelishika gamba mkononi, nikijiuliza kaa alikuwa abiria au dereva.

Ndipo nikaitoa kadi. Inasema pikipiki ni nyekundu. Hiyo si shida, rangi hubadilishwa. Lakini namba ya chasisi siyo. Hata aina ya pikipiki siyo!

Nikapanda daladala mpaka kwa Issa. Kanipokea vizuri, kaniletea kiti. Kaniuliza je, hukuikagua? Nikasema niliikagua. Basi, akasema. Ndani nasikia cherehani cha Adila kinashona. Nimeingizwa mjini, mimi, mzaliwa wa hapa hapa!

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu wote wako majumbani. Siku mbaya kuliko zote.

Baada ya sala nilijaribu mara ya mwisho. Ikawaka. Nikapaza sauti ya shukrani. Ikalia paa! Chuma kikatoka ubavuni mwa injini, oili ikamwagika, kuku wakaruka juu ya bati. Kimya.

Shuaibu akaja amejifunga kanga kiunoni na majivu kichwani. Akajitupa juu ya pikipiki akalia kilio cha msiba. Marehemu alikuwa mpole, marehemu hakuwahi kumsumbua mtu kwa kuwaka! Kakataa maiti isiondolewe mpaka apewe kuku. Mtaa mzima wakalala chini kwa kicheko. Nimempa kuku. Ni haki yake, mtani ni mtani.

Na katikati ya kicheko hicho, Adila anashuka kwenye bajaji na mfuko wake. Kawahi kurudi!

Shuaibu akamwamkua, akamwambia pale pale: shemeji, mumeo katoa cherehani chako kwa chuma hiki kilichokufa. Adila akacheka! Akamwita muongo, Mnyamwezi asiye na haya, akaingia ndani huku bado anacheka. Kicheko kikakatika.

Nilimfuata. Alikuwa amesimama anatazama sakafu, pale palipobaki alama za miguu ya cherehani. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kaniuliza kitu kimoja tu: nilipokichukua, nilikifunika? Nikasema ndiyo, kwa shuka. Akakaa kwenye rundo la sare za watoto akalia. Tangu nimuoe sijawahi kumwona Adila analia. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka injini ilipopasuka, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Baadaye kasema kwa utulivu: kesho jua likichwa bila cherehani humu ndani, yeye anarudi kwao Ubena, na nisijisumbue kumfuata. Najua hatanii. Adila si mtani wangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nikameza kiburi, nikaenda kwa Shuaibu. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Kauliza Issa ni mtu wa kabila gani. Nikasema Mzaramo. Akasimama, akajifunga tena ile kanga. Wazaramo nao ni watani wake!

Tumekodi kirikuu, kile kigari cha mizigo, tukaipakia maiti, Adila akakaa mbele bila kunitazama. Bagamoyo tukailaza pikipiki kwenye baraza ya Issa. Shuaibu akaifunika shuka, akalala pembeni yake, akaanza. Kilio hicho kilisikika mpaka soko la samaki! Ewe marehemu, umeletwa kwenu, baba yako Issa akuzike! Watu wakajaa. Issa akatoka amefura, akainua mkono. Wazee wawili waliokuwa wanapita wakamkemea papo hapo: mtani hapigwi, na mtani akilia mlangoni kwako anapewa anachotaka. Issa mkono wake ukabaki hewani.

Kisha Shuaibu akiwa bado analia, akaanza kusoma kadi kwa sauti kama anasoma wasifu wa marehemu. Rangi nyekundu! Namba hii! Na huyu aliyelala hapa ni nani jamani? Kwenye umati mtu mmoja akauliza kama polisi wameshapewa taarifa ya msiba.

Issa akakumbuka ghafla kwamba cherehani kilikuwa cha kuazima tu. Tabia alikitoa mwenyewe, anamsema mumewe bila kupumua. Kavunja sindano moja, akamwomba Adila radhi kwa hiyo sindano. Adila akakifuta kwa ukingo wa kanga yake, taratibu, kila mahali. Hapo ndipo nilipoona haya hasa.

Pikipiki tumewaachia wazike.

Jumapili, 10 Agosti

Adila kashona tangu alfajiri. Anaongea nami kidogo: chumvi, maji, ondoka kwenye mwanga. Kanitaka niape kwamba cherehani hakitoki tena ndani ya nyumba hii. Nimeapa kwa moyo wote. Jioni kanipa chai bila kuombwa, nikafurahi kama nimepewa shamba.

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa moja, nalo ni kumdhania Shuaibu anatania. Yule ni mtu mkweli. Kuanzia leo, atakalosema Shuaibu kuhusu pikipiki nalichukua kama lilivyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Imepatikana nyingine! Hapa hapa Zinga, kwa Bwanausi muuza mkaa. Sikukurupuka. Nimemwita Shuaibu aikague.

Kaizunguka. Tairi zimefungwa kwa mipira ya kufungia mchicha, siti ni gunia, tenki limezibwa kwa sabuni. Shuaibu akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Akasema, akifuta machozi, kwamba hii ni bi harusi, hajaona pikipiki kama hii tangu azaliwe, niichukue haraka kabla Ikulu hawajaisikia. Kwamba ikiwa baridi inajiwasha yenyewe na kuja kuniamsha kwa sala ya alfajiri.

Alhamdulillahi! Mtu huyo huyo aliyenionya kweli leo kaisifu. Nahitaji nini tena?

Bwanausi hataki cherehani, na hata angetaka nimeapa. Anataka kitanda cha mninga. Katika kiapo changu kitanda hakikutajwa hata kidogo. Adila kaenda kupeleka sare. Nimeshatoa godoro, na upande wa miguuni umeshafunguka.