Mwanasheria Mkuu wa Sabla Lazima Ang'oke

Jumapili, 9 Novemba

Sukari ya asubuhi: kumi na moja. Daftari hili kaninunulia mjukuu wangu Hajar niandikie sukari, asubuhi na jioni. Nimeandika. Sasa mambo ya maana.

Leo nimeapa. Yaqdhan ataondoka!

Sabla ni ukumbi wetu wa mtaa, hapa Sib, Omani. Harusi humo, matanga humo, ugomvi wa maji machafu humo. Ina kamati. Mwenyekiti hasikii vizuri. Halafu yupo Yaqdhan, anaejiita Mwanasheria Mkuu kwa kuwa zamani alikuwa karani wa kupiga chapa karatasi za kesi. Yeye ndie anaeshika kanuni, yeye ndie anaeshika funguo, na yeye ndie anaesema nani apate ukumbi siku gani.

Miaka minane! Zulia kubwa la sabla lilionekana shambani kwake Barka, mbuzi wamelilalia. Akasema linaanikwa. Viyoyozi vilikuwa viwili, kimoja kikahamia majlisi kwake, chumba chake cha wageni. Akasema kinauguzwa. Watu wakapiga kelele, akaunda tume ya kumchunguza. Mwenyekiti wa tume, yeye. Mjumbe, shemeji yake. Tume ikamuona hana kosa. Ikampongeza!

Mtaa mzima umechoka nae. Kinyozi anamlaani huku ana wembe mkononi, mpaka naogopa. Wauza samaki wanamlaani. Kwenye kundi letu la WhatsApp, lile la pili asilokuwemo, anatukanwa kutwa. Akitokea mlangoni wote wima: karibu Sheikh, pita mbele Sheikh. Wanafiki! Mie nilisimama pia, lakini polepole.

Sasa kanigusa pabaya. Alkhamisi ya tarehe 27 ukumbi ni wa Hajar, siku ya milka yake, kufungishwa ndoa. Nilimuahidi mie mwenyewe, nimeshika ndevu. Leo Yaqdhan kanambia siku hiyo kampa mpwa wake, anaerudi kutoka masomoni na lazima asherehekewe. Kanuni ya kumi na tisa, akasema. Nikamwambia kanuni ziko kumi na mbili. Akasema hizo ni toleo la zamani.

Ijumaa hii wazee wanakutana kumuongezea muda au kumtoa. Atatoka!

Jumatatu, 10 Novemba

Sukari: tisa. Hasira ni dawa.

Nimewaita Amur na Sami. Amur alikuwa msimamizi wa ghala Rusayl, kastaafu lakini bado anatembea na kalamu sikioni. Sami ni mwenzangu wa utotoni, tulifukuzwa chuo cha Kurani siku moja, kwa kosa lake.

Nikauliza nani atasimama Ijumaa aseme. Sami akasema ana goti. Amur akasema atasimama akiona mtu wa kwanza kasimama. Nikasema basi mie wa kwanza. Akasema kwanza amjue wa tatu ni nani.

Halafu Amur akatoa la maana. Kwao mama yake, Sharqiya, mgeni mwenye haja nzito akipewa kahawa hainywi. Anaiweka finjani chini mbele yake, ananyamaza. Mwenye nyumba lazima aulize kulikoni. Akikubali husema: kunywa, limekwisha. Akikataa na kahawa ikapoa, ni aibu ya nyumba nzima, itatajwa mpaka kwa wajukuu. Na muungwana khasa husema kunywa, limekwisha, hata kabla hajasikia haja yenyewe.

Kwetu Unguja ukipewa kahawa unakunywa, tena unauliza kashata iko wapi. Miaka hamsini nnaishi hapa na hakuna alienambia! Silaha imekaa ndani ya birika muda wote huu.

Kesho kwa Yaqdhan. Nitaweka finjani chini. Nitamwambia: jiuzulu.

Bi Jawaher, mke wangu, kasema nikaombe ukumbi tu nirudi nyumbani. Ukumbi! Mtu apewe upanga akamenyee ndizi?

Jumanne, 11 Novemba

Tulikwenda baada ya Alasiri. Makubaliano: hakuna kunywa mpaka mie nikohoe.

Ikaletwa halwa ya zafarani, ingali moto. Kiyoyozi cha sabla kinatupuliza visogoni, nakijua kwa mlio wake. Kahawa ikamiminwa. Sami akanywa! Akanyoosha mkono, akanywa ya pili. Nikamkanyaga. Akasema goti.

Mie nikaweka yangu chini. Amur nae akaweka. Yaqdhan akaitazama finjani, akanitazama mie, rangi ikamtoka. Wallahi ikamtoka! Akasema, Azzam, kunywa, limekwisha. Tarehe 27 ni ya Hajar. Mpwa wangu tutamfanyia nyumbani.

Amur akasema alhamdulillahi, akanywa. Sami akasema alhamdulillahi, akanywa ya tatu.

Hapo mtu mwenye akili angekunywa. Hayo ni maneno ya Jawaher, kanambia mara sita mpaka sasa. Lakini mie niliona mti umeshayumba, kwa nini nisiuangushe? Nikasema, Bwana Yaqdhan, sikuja kwa ukumbi. Nimekuja ujiuzulu.

Yaqdhan akacheka. Rangi ikamrudi, na ziada. Akasema mashahidi ni hawa wawili: mie nimetoa, mgeni kakataa. Alokataa kupewa hana dai. Ukumbi umerudi kwa mpwa, kanuni ya ishirini. Kisha akaniagizia maji, eti koo langu limekauka.

Njiani Sami alikuwa kabeba halwa iliyobaki kwenye karatasi.

Sukari ya jioni: siandiki.

Jumatano, 12 Novemba

Jawaher hasemi na mie. Anapitishia kwa Restituta, binti wa Bukoba anaetusaidia nyumbani. Restituta, mwambie huyo bwana mchuzi uko jikoni. Restituta anafikisha na kuongeza yake: mzee, mama anasema mchuzi uko jikoni, na mimi nasema kwetu mtu akipewa ng'ombe hadai na zizi. Nikamwambia alete la mama peke yake. Akasema la mama peke yake ni kali zaidi, yeye analipunguza.

Jioni kaja Hajar kutoka kazini. Hakulia. Bora angelia. Kasema Babu, mie nilitaka siku yangu tu, sikutaka mtu yeyote ang'oke. Kanibusu kichwa, kenda zake. Nilikaa na kichwa hicho mpaka Magharibi.

Lakini maji nshayavulia nguo. Na mtaa mzima umeniona sina nguo, bora nioge kabisa.

Ijumaa nitasimama mwenyewe. Nimeandika hotuba, kurasa nne. Nimemsomea Restituta. Kasema nzuri, ila jina la Yaqdhan limetajwa mara nyingi mno, mtu asiejua atadhani ni barua ya posa.

Alkhamisi, 13 Novemba

Balaa!

Baada ya Alasiri Yaqdhan kaja kwangu. Kaja na mwenyekiti na majirani watano. Amur na Sami wakafuata nyuma, Sami alisikia harufu ya kaimati kutoka njiani. Majlisi ikajaa. Restituta kaleta birika. Nikamimina kwa mkono wangu, birika kushoto, finjani kulia, kama inavyotakiwa.

Yaqdhan kaipokea finjani. Kaiweka chini.

Watu wote macho! Nikajua tu: kaja kuniomba nisisimame kesho. Kaogopa! Pengine ataomba na radhi. Sasa mbele ya watu wote hao mie nionekane mdogo, nianze kuuliza kulikoni, kama mtu wa dukani? Nikakumbuka, muungwana khasa hasubiri. Nikatoa kifua. Nikasema kwa sauti ambayo hata mwenyekiti aliisikia: Kunywa, Yaqdhan! Limekwisha kabla hujasema!

Wakasema mashaallah. Amur alifumba macho.

Yaqdhan akanywa. Taratibu. Akaitikisa finjani, yaani imetosha. Akasema haja yangu ndogo tu, ndugu yangu. Kesho usimame weye, uniombee miaka minne mingine.

Nyuma ya pazia nikasikia Jawaher anacheka. Siku mbili hana neno na mie, kumbe kicheko kakiweka akiba.

Nimetafuta njia ya kutokea. Nimempigia Amur kumuuliza kama Sharqiya kuna namna ya kurudisha neno. Kasema ipo: kuhama mji.

Ijumaa, 14 Novemba

Neno ni neno. Nimesimama.

Lakini mie si mjinga. Usiku kucha nilipanga: nitamsifu kwa maovu yake, watu waelewe, wacheke, wamtoe. Neno langu nimetimiza, na yeye kaondoka!

Nikaanza. Nikasema huyu ni mtu wa huruma, mbuzi wake wamelazwa juu ya zulia ambalo nyie mnakalia matangani. Nikasema hata kiyoyozi kigonjwa hakukiacha peke yake ukumbini, kenda kukiuguza kwake, miaka mitatu sasa na hajakata tamaa. Nikapandisha sauti. Nikasema nani kati yenu amepata kuichunguza nafsi yake? Nyoosheni mkono! Huyu kajichunguza kwa tume!

Nikasubiri kicheko.

Mzee wa safu ya mbele akafuta machozi. Akasema hajapata kusikia habari ya mtu kujichunguza nafsi ikasemwa vizuri vile, hata minbarini. Mwengine akasema kumbe tulimdhania vibaya. Mwenyekiti, ambae hakusikia hata neno moja, akapiga makofi. Wote wakafuata. Miaka minne! Na makofi ya mwisho kunyamaza yalikuwa ya kinyozi.

Yaqdhan kanikumbatia. Kasema ulimi kama huu haufai kukaa bure. Kanipa unaibu, Naibu Mwanasheria Mkuu. Nikakataa. Akanionyesha funguo. Nikakubali.

Si kwa tamaa! Nitamla kutoka ndani, kama mchwa.

Sukari: kumi na tatu. Ya furaha hiyo, haihesabiwi.

Jumapili, 16 Novemba

Siku ya kwanza kazini. Nna meza. Nna mhuri wa mviringo. Nimeujaribu kwenye karatasi, kwenye gazeti, na kwenye mkono wa Restituta. Kauliza viza hiyo ni ya kwenda nchi gani.

Kazi ya kwanza: haki ya Hajar. Tarehe 27 haiguswi, Yaqdhan kasema mpwa keshatangaziwa. Basi nikafungua buku. Alkhamisi inayofuata, tarehe 4 Disemba, imeandikwa Noof, mjukuu wa Sami, milka, tangu Ramadhani. Nikatafakari. Sami ni rafiki yangu wa miaka sitini. Ataelewa. Nikakata Noof, nikaandika Hajar, nikapiga mhuri. Mara mbili, mhuri wenyewe mtamu.

Nimempigia Sami simu kumueleza kanuni ya ishirini na moja. Kauliza imetoka lini. Nikamwambia wino haujakauka.

Kanambia sasa mie na Yaqdhan tuna tofauti gani? Nimeudhika. Tofauti ni kubwa! Yaqdhan kampendelea mpwa. Huyu wangu ni mjukuu.

Jumatano, 19 Novemba

Sami hanisalimii. Asubuhi kanipita njiani mbio mbio, wala hachechemei.

Hajar kaukataa ukumbi. Nilimpelekea karatasi yenye mhuri, nimeikunja vizuri kwenye bahasha. Kaisoma, kanirudishia. Kasema yeye na Noof walisoma darasa moja, hawezi kukaa ukumbini na mwenzake analia nyumbani. Milka itakuwa msikitini, tarehe ileile 27, kisha chakula uani kwetu. Keshapanga kila kitu na bibi yake. Mie nimetakiwa kuja na kanzu safi, na nisihutubie.

Basi, mtoto kapata siku yake. Nimefurahi. Nilikwenda chumbani nikafurahi kidogo peke yangu, na mlango nikaufunga.

Nilipotoka Jawaher akaniuliza, kwa mdomo wake mwenyewe, si kupitia kwa Restituta: kwa hivyo tarehe 4 unamrudishia Noof? Nikamwambia haiwezekani. Nshapiga mhuri. Leo nikirudisha la Noof, kesho kila mtu atataka lake. Ukumbi utakaa mtupu siku hiyo, kwa heshima ya kanuni.

Jawaher akachukua kalamu akatoka.

Sikuelewa kalamu ya nini. Baada ya Adhuhuri nikaelewa. Mlango wa sabla umebandikwa karatasi: Naibu aondoke! Saini thelathini na moja, wino mweusi. Watu haohao ambao miaka minane hawakuthubutu kumtaja Yaqdhan hata ndotoni! Ya kwanza Sami. Ya pili kinyozi. Ya tatu Jawaher, kwa hati nzuri, na majina ya babu zake watatu, asije mtu akadhani ni Jawaher mwengine. Amur nae yumo, wa thelathini na moja, alipoona thelathini wameshatangulia.

Yaqdhan kanishauri niunde tume.

Siondoki. Waandike mpaka kuta ziishe! Mtaa huu hauna shukrani, miaka yote wanalia wanataka mtu msafi pale mezani. Haya, wamempata, wanamtoa. Wakishanitoa wataleta nani? Msafi nipo mmoja tu!