Rehema Ataolewa na Nani

Jumatatu, 22 Julai

Nimetoka kwenye kikao cha wazee wa kanisa, hapa Masuguru, nimejaa hasira. Kabati la vitabu linachukuliwa! Kwaya imeshona majoho mapya na majoho hayana pa kukaa. Riwaya zangu zitakaa kwenye kiroba, wamesema. Sakafuni.

Katibu wa kwaya, Mama Grasiana, alisimama akasema kabati la kanisa si ghala la mabusu. Mabusu! Nikamwuliza amesoma kitabu kipi. Akajibu ameona majalada, yamemtosha. Nikamwambia kama tunahukumu kwa jalada, yeye asingepita hata mlangoni. Mchungaji akaniamuru niketi.

Niliwaeleza tena, nimesimama. Hakuna riwaya duniani inayoishinda riwaya ya mapenzi ya Kikristo ya zamani za Mjerumani. Chukueni Reli na Rehema! Rehema ni binti wa Vugiri, analelewa misheni. Yosia anatandika reli ya kuja Korogwe. Wanapendana kurasa mia tatu na hawajashikana mkono. Wanasali, wanaugua homa, wanasubiri. Unapata kujua kodi ya Mjerumani ilivyokuwa na bado unalia. Nani mwingine anakupa historia na machozi ndani ya jalada moja? Mzee Simeo alikuwa amesinzia.

Uamuzi wa Mchungaji: nikithibitisha kwamba waumini wanavitaka vitabu, kabati linabaki. Nina mpaka Jumapili ya mavuno.

Alhamisi, 25 Julai

Nimepata! Mnada wa mavuno. Baada ya ibada hunadiwa kuku, maboga, mikungu ya ndizi. Mimi nitapeleka Reli na Rehema, juzuu ya kwanza. Watu wakiona wawili wanakigombania, wote watakitaka. Binadamu ndivyo alivyo. Shemeji yangu Eliasi atapandisha bei, nami nitapanda juu yake. Mwisho nitamwachia, huku nikionekana nimeumia sana.

Eliasi ameuliza kama ni lazima akisome. Nimemwambia hapana, apandishe tu. Ameshukuru mno. Hata hilo limeniudhi.

Jumapili, 28 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Ilianza vizuri. Eliasi akapandisha, nikapandisha, shingo zikageuka. Mzee Simeo, mnadishaji wetu, akakiinua kitabu juu: mara ya kwanza, mara ya pili, cha Eliasi! Eliasi akalipa. Halafu yule mpumbavu akasema, kwa sauti ya mtu mwema, kwamba anakirudisha kwa Bwana kinadiwe tena.

Najua, ndiyo desturi yetu. Mwenye moyo hununua, hurudisha, sadaka huongezeka. Lakini hufanywa kwa boga! Vigelegele vikapigwa. Mtu wa pili akanunua, akarudisha. Wa tatu hivyo hivyo. Kila aliyekishika alitazama jalada, Yosia na Rehema kando ya behewa, kisha akamtazama mkewe, kisha akarudisha. Kuku walipelekwa nyumbani. Ndizi zilipelekwa nyumbani. Kitabu changu kilizunguka kanisa zima kama kikapu cha sadaka.

Mwishowe Grasiana alikinunua na hakurudisha. Alisema anamaliza usumbufu, watu wana njaa.

Wazee wakakutana palepale chini ya turubai. Wakasema mimi, Mwalimu Mhina, nilitakiwa nithibitishe kwamba vitabu vinatakiwa, na nusu ya kanisa wamekirudisha hadharani huku wakishangiliwa. Ufunguo wa kabati amepewa Grasiana. Nikapinga kwa hoja. Nikajibiwa kwamba sadaka ya mwaka huu haijawahi kutokea, Mungu anibariki.

Sijamsemesha Eliasi. Amekula chakula cha mchana kwangu kama kawaida, akaongeza mchuzi.

Jumatano, 31 Julai

Hodi asubuhi. Grasiana, macho mekundu. Nilidhani kuna msiba. Akatoa kitabu ndani ya kanga yake, akauliza juzuu ya pili iko wapi.

Amekisoma chote! Alikifungua apate ushahidi wa kunishitaki, akanasa. Pale Yosia anapopakiwa kwenye behewa na homa yake, haijulikani kama atarudi, Grasiana alilia mpaka wali ukaungua. Mumewe alilala na chai na mkate. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba nikimpa juzuu ya pili nitarudishiwa rafu zote za juu. Majoho yatabanana chini.

Nimeshinda! Nikaichukua juzuu, nikamkabidhi. Miaka yote hii natafuta msomaji mmoja tu katika mji huu, na huyu hapa, kwenye kiti changu.

Kisha akaongeza kwamba anamwomba Mungu Rehema aolewe na Danieli, yule mwalimu wa misheni. Danieli! Nikamwambia arudie. Akarudia. Danieli, akasema, ametuma mshenga kwa wajomba, ameleta barua na mkaja wa mama. Huyo Yosia amemsemesha binti wa watu mtoni, bila mshenga, kama anaomba maji ya kunywa. Wewe Mwalimu, binti yako angesimamishwa mtoni ungekaa kimya?

Nikasema Danieli hana damu mwilini. Akasema bora asiye na damu kuliko asiye na adabu. Nikasema mshenga ni kwa waoga. Akasema kumbe mabusu yanaingizwa kanisani na mimi. Nikapaza sauti, akapaza, majirani wakatoka nje. Nikapiga meza. Nikamwambia, kwa taarifa yake, Danieli anakufa kwa homa sura ya nne ya juzuu hiyo, Yosia anashuka mzima kwenye treni ya kwanza kuingia Korogwe, anafunga ndoa na Rehema, na yeye Grasiana hajui kusoma!

Akaiweka juzuu ya pili mezani, juu ya ile ya kwanza, taratibu. Akasema basi hakuna haja tena ya kuisoma. Akaondoka na ufunguo.

Hata hivyo sikukosea. Danieli kweli anakufa.

Jumamosi, 3 Agosti

Handeni. Nimekuja na viroba vya riwaya, kuzitafutia kabati jingine. Mwinjilisti Parit, Mmasai mtulivu, ana kanisa la mabati miongoni mwa wafugaji wenzake, na ndani yake kabati tupu kabisa. Amesema niweke vitabu vyote. Mkewe, Nasieku, akaniletea chai ya maziwa, akasema anapenda sana hadithi, watakuwa wakipokezana. Parit akaanza Reli na Rehema akiwa amesimama. Chai yake ikapoa. Akacheka peke yake. Akamwita mkewe, wakasoma pamoja, bega kwa bega. Kisha akaniuliza huyu Danieli ni mtu wa namna gani, maana anaonekana mwema.

Safari hii nimetumia busara. Nimeuzima ubishi kabla haujawaka. Nimewaeleza palepale, wote wawili, kwamba Danieli anakufa sura ya nne, wasije wakajisumbua kumpenda.