Droni Juu ya Mulamula

Jumanne, 10 Juni

Kazi imekamilika, mke wangu Gaudiosa akiwa kisimani. Mulamula, mmea wetu wa kuonyesha mpaka, nimeung'oa na kuupanda upya ng'ambo ya mibuni miwili ya jirani yangu, Ma Verdiana. Sasa mibuni iko kwangu. Imebeba mpaka matawi yameinama! Mjane yule haoni vizuri, na miguu haimfikishi mpakani siku hizi. Atajuaje? Mulamula nao hauna maringo, ukiuchomeka tu unashika. Nikashindilia udongo, nikatandaza nyasi, nikasimama mikono kiunoni, nikijipongeza.

Ndipo nikasikia mvumo. Nikadhani nyuki. Kuinua macho, kitu cheusi chenye miguu minne kimesimama hewani juu yangu, kimetulia, kinanitazama! Nikajitupa chini ya mgomba. Jembe nililiacha palepale. Mchana sikugusa ndizi. Gaudiosa akauliza kama naumwa. Nikasema malaria.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata habari zake. Ni droni, mali ya Avit, mpwa wa Ma Verdiana, mpiga picha za harusi kule Bakoba, Bukoba mjini. Amekuja kwa ajili ya harusi ya Jumamosi na eti anafanya mazoezi. Mazoezi juu ya vibanja vya watu, nyumba na migomba yao! Na kati ya wapiga picha wote wa Bukoba, awe mpwa wa Verdiana!

Ameniona. Haiwezekani hajaniona. Naogopa, sifichi. Huku kwetu Muleba mtu aliyehamisha mulamula haketi tena na wenzake kwa raha, na watoto wake husimangwa. Na mimi ndiye ninayeongoza rozari kwenye jumuiya!

Nimetoka na mwavuli. Jua kali, wingu hata moja hakuna. Watu wakauliza mvua iko wapi. Nikasema iko njiani. Droni ikapita mara mbili. Mara ya pili nikakimbilia kwenye banda la mbuzi, nikakaa humo mpaka mbuzi wenyewe wakachoka nami.

Alhamisi, 12 Juni

Leo imepita juu ya bafu letu. Bafu lina kuta za mabati, paa halina. Nani aliwahi kuhitaji paa? Gaudiosa alikuwa ndani. Alipiga yowe, akatoka na khanga moja na povu masikioni, akimtaja Avit na ukoo wake wote. Nilipaswa kukasirika. Nikafurahi!

Kwa sababu wazo lilikuja lenyewe. Nitashtaki. Faragha ya wake zetu! Picha zitaamriwa zifutwe. Zifutwe zote, pamoja na ile yangu! Nimelala mchana kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwa Ta Karugendo, mwenyekiti wa kitongoji. Nilisema vizuri mpaka nikajishangaa. Kile kitu kina mapanga yanayozunguka, kikianguka juu ya mtoto tutasema nini? Je, Avit ana kibali? Nani kamruhusu kuchungulia nyua za watu? Picha zinakwenda wapi, kwa nani? Yote kweli tupu. Ta Karugendo akatikisa kichwa kwa uchungu. Kumbe na bafu lake halina paa.

Akaitisha kikao Jumapili baada ya misa. Nikasisitiza picha zifutwe. Akakubali kabisa. Ila, akasema, hatuwezi kufuta tusichokijua. Kwanza wazee na akina mama watazitazama zote.

Zote!

Nikasema labda tumsamehe kijana, ni mwenzetu. Ta Karugendo akasema moyo wangu ni mzuri lakini jambo hili ni zito. Nikarudi nyumbani kumsihi Gaudiosa. Nimechelewa. Ameshazunguka kitongoji kizima, na akina mama wote wanakuja.

Jumapili, 15 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Avit aliomba radhi kwa unyenyekevu. Akasema hakukusudia bafu la mtu, na picha za mazoezi hajazitazama hata moja, alikuwa azifute jioni hii. Azifute jioni hii! Mwenyewe! Ningenyamaza tu!

Akafungua kompyuta uani kwa Ta Karugendo. Bafu letu likaonekana, mabati na povu kidogo, basi. Akina mama wakashusha pumzi. Kisha ikaja Jumanne. Picha safi mno, mpaka kiraka cha suruali yangu kinaonekana. Mimi nang'oa. Mimi nahamisha. Mimi nashindilia. Mimi nimesimama mikono kiunoni, nacheka peke yangu.

Wote wakageuka kunitazama. Nilitamani wanipige, ingekuwa nafuu. Ma Verdiana hakuiona vizuri, akaomba aelezwe. Gaudiosa, mke wangu wa ndoa, ndiye aliyemweleza. Bibi yule akasema, "Ildefons waitu, mwenzetu, ile mibuni aliipanda marehemu, mwaka tuliooana. Ungeniomba kahawa, ningekupa."

Niliona aibu. Nililia kidogo, kweli nililia. Wakaamua niurudishe mulamula mbele ya watu na nilete lubisi, pombe ya ndizi, ya wazee. Avit naye akakatazwa kurusha droni juu ya kibanja cha mtu yeyote bila ruhusa. Hoja yangu ilipita kama nilivyoisema. Hakuna aliyenishukuru.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeurudisha. Walisimama wote wakinitazama nikishindilia udongo. Rozari sasa anaongoza mwingine. Gaudiosa anapika ila haongei. Kila nzi akipita nainamisha kichwa.

Lakini ile picha hainitoki kichwani. Sikujua kibanja changu ni kizuri hivi kikitazamwa toka juu! Na kule bondeni, ninapopakana na Kahigi, nimeona kitu ambacho kwa miguu sijawahi kukiona. Mulamula umekauka. Mpaka wote wa chini uko wazi, migomba yake na yangu imechanganyika, hakuna anayejua ya nani ni ipi. Na Kahigi yuko Bukoba kwa bintiye, anauguza mguu.

Droni hairuhusiwi tena kupita hapa. Nilipigania hilo mwenyewe. Vipande vya mulamula nimeshavikata, viko chini ya kitanda.