Damu ya Uwakilishi

Wananchi wanatangaziwa kwamba watoto wa Chiwata wamepimwa damu, na hakuna hata mmoja aliyelia. Hawakuwapo.

Zoezi lilitoka wizarani. Damu huonyesha nani ameshapata kinga ya surua na nani bado, na kijiji chenye watoto wengi wasio na kinga ndicho kitakachopelekewa chanjo kwanza. Ndugu Pancras, mwenyekiti wa kamati yetu hapa Masasi, aliona mbali. Mtoto akichomwa sindano hupiga kelele, na kelele katika kijiji cha Ujamaa zinaweza kutafsiriwa kuwa upinzani. Tukaazimia kwa kauli moja kwamba wajumbe watoe damu kwa niaba ya watoto. Mimi, katibu, nilitoa ya wachanga.

Mama Walter wa Chiwata alitufuata ofisini, Walter mgongoni.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba, Mama Walter."

"Mwaka juzi surua ilinichukulia Edmund wangu. Huyu mdogo wake mbona hamkumpima?"

"Amewakilishwa."

"Na surua ikija, mtaugua kwa niaba yake?"

Hoja ilipokelewa. Iliniuma sana, ila muhtasari wa kikao hauna mahali pa kuandika hayo.

Majibu yakaja: watoto wa Chiwata wana kinga tele, chanjo zipelekwe kwingine. Isipokuwa mtoto wa chupa ya kwanza ya damu. Huyo hana kinga kabisa, asikaribie mgonjwa.

Chupa ya kwanza ilikuwa ya Mwenyekiti. Alikasirika, akasema kiongozi hawezi kupungukiwa na kitu ambacho wananchi wanacho. Ili kulithibitisha hilo alikwenda Chiwata na mpiga picha, akambeba mtoto mwenye kikohozi na macho mekundu, akatabasamu.

Siku si nyingi Ndugu Pancras akatokwa na vipele toka usoni hadi miguuni. Daktari akapiga simu wizarani: surua imeingia Chiwata, mtoto wa chupa ya kwanza anaumwa. Wizara ikashtuka, ikatuma chanjo za kijiji kizima, pamoja na maagizo kwamba mgonjwa alazwe wodi ya watoto.

Ndiko nilikomkuta, miguu imepita kitanda. Sindano ilipoletwa alipiga kelele hadi watoto wakanyamaza kumtazama. Sikuziandika kuwa upinzani.

Mama Walter, ambaye mwanawe alikuwa ameshachanjwa, alimletea uji.

"Kunywa, Ndugu Mwenyekiti," alisema. "Safari hii umetuwakilisha kweli."