Kuhusu Kufanywa Mhenga Kabla ya Kaka Yangu

Kimbo, Ruiru
Jumatatu

Kwako Mzee Kang'ethe,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ukoo,
Kamenu, Thika.

Mzee wangu, pokea salamu kwanza, kisha pokea malalamiko.

Jumamosi, kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya Dorine, binti wa dada yetu, nilifika saa tatu kamili kama kadi ilivyosema. Hema zilikuwa bado hazijasimamishwa. Nikaomba ratiba iliyochapishwa. Hapo Lynn, binti wa kaka yangu Njau, akashika kipaza sauti na kutangaza: "Uncle Gachau ni mhenga original! Mpelekeni kwa wazee." Nimeulizia. Kwa vijana wa sasa, mhenga ni mtu aliyepitwa na wakati. Mimi nina miaka arobaini na mitatu. Matokeo yake ni haya:

1. Nililetewa nyama laini iliyokatwakatwa, na mhudumu akauliza kama meno bado yapo.

2. Njau, mwenye miaka hamsini na miwili, alihesabiwa kijana kwa sababu suruali yake imeraruka magotini. Alipewa mbavu.

3. Ikiwa mimi ni wa wazee na yeye ni wa vijana, basi mimi ndiye mkubwa. Kamati haikupinga. Wewe mwenyewe, Mzee, ulinisogezea kiti.

4. Kwa desturi yetu, kifungua mimba hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Kwa hiyo jina Njau ni langu, na yeye aanze kuitwa Gachau. Nimeshamjulisha kwa simu.

Naomba kamati ithibitishe jambo hili kabla ya Ijumaa. La sivyo, Lynn alifute neno lake hadharani, kwa sauti ileile.

Nisalimie wote wa Kamenu, hata wale walionicheka.

Wako katika ukoo,
Njau (zamani Gachau)

Baada ya saini: Kaka yangu amekubali bila ubishi. Ameniita "mkubwa wangu" na kunikabidhi kazi zote za kifungua mimba, ya kwanza ikiwa kesi ya shangazi Waceke na shangazi Janice, wasiosalimiana tangu 2011. Wako sebuleni kwangu sasa hivi, wamekuja na mabegi ya nguo, na kila mmoja anataka kusikizwa wa kwanza. Tafadhali Mzee, nijibu leo. Mimi ni Gachau, kijana.