Kasoro Tisa za Gari Zima

Seweryn Pazdur wa Radom hakuwa mwizi, na angekukasirikia ungemwita hivyo. Mwizi huruka ukuta na kukimbizwa na mbwa. Seweryn aliamka saa tatu asubuhi, akanywa kahawa yake taratibu, akafungua simu na kungoja watu wema wamletee mali yao kwa miguu yao. Kama ipo kazi yenye heshima kuliko hiyo, basi bado haijafika Radom.

Jumanne moja ya Aprili, akipitia matangazo ya magari yaliyotumika, aliona tangazo lililomfanya aweke kikombe chini. Lilikuwa na picha tatu. Ya kwanza ilionyesha kidole cha mpigaji. Ya pili ilionyesha nusu ya gari la Kijerumani la mwaka tisini na moja, la kijani, linang'aa kama limetoka dukani jana. Ya tatu ilikuwa ya paka aliyelala juu ya boneti. Chini yake maneno machache: "Ninauza gari. Nililinunua likiwa jipya. Halina tatizo. Hipolit Gaweł, mstaafu." Bei ilikuwa zloti elfu ishirini, na kila anayejua magari angekuambia kwamba gari hilo lilikaribia kuwa na thamani mara mbili ya hapo.

"Jina lake kamili ameweka," Seweryn alimwambia mkewe. "Huyu ni kondoo anayekuja na mkasi wake mkononi."

Bogna alikuwa anakanda unga, hakugeuka. "Ukumbi umeshaulipia?"

Ukumbi ndio ulikuwa roho ya nyumba ile mwezi huo. Binti yao Kalina alikuwa apokee Komunyo ya kwanza Jumapili ya tatu ya Mei. Wageni arobaini walishaalikwa, shangazi wawili walishanunua kofia, na mwenye ukumbi alitaka zloti elfu kumi na nne kabla ya saa sita mchana ya Jumamosi ya pili ya Mei, la sivyo angewapa familia nyingine iliyokuwa inangoja kwa hamu. Bogna alikuwa amezikusanya kidogo kidogo kwa kushona mapazia ya watu, akaziweka kwenye bahasha nyuma ya kopo la unga.

"Nitapeleka mwenyewe," Seweryn alisema, akaichukua bahasha. Hakusema ataipeleka wapi kwanza.

Sasa, watu hudhani ujanja wa magari uko kwenye kununua. Hapana. Seweryn alinunua kama mtakatifu: habishani bei, hapigi teke matairi, anamwamkia paka. Ujanja ulikuja baada ya siku kumi, kwa njia ya posta. Sheria ya kule inamlinda mnunuzi, kwa hiyo gari likigundulika lina kasoro iliyofichika, aliyeuza anawajibika hata kama ni bibi wa kanisani. Basi Seweryn alikuwa anaandika barua ndefu yenye muhuri wa mtaalamu: gari ni bovu, nirudishie theluthi ya bei au tuonane mahakamani. Wazee hulipa haraka, maana wanaogopa mahakama kuliko kifo. Akishalipwa, analiuza gari lile lile kwa bei ya juu. Anamkamua ng'ombe, halafu anamuuza.

Wala hakuwahi kuandikisha gari kwa jina lake. Kadi ilibaki na jina la mwenyewe wa zamani, ili serikali isije ikauliza maswali ya kodi. Miaka minane alifanya hivyo, hajapata hata mafua.

Bwana Gaweł alimpokea mlangoni amevaa tai. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kusikiliza kichwa kikiwa upande.

"Hutaki kuliendesha kwanza, Bwana Pazdur?"

"Mzee wangu, mimi nimeshakuangalia wewe. Inatosha."

"Basi nipunguze hata mia mbili za mafuta."

"Usinivunjie heshima." Seweryn alihesabu elfu ishirini mezani, kumi na nne za bahasha na sita zake, zote alizokuwa nazo duniani. Wakatia saini. Mzee akalipigapiga gari mgongoni, akaingia ndani haraka ili asionekane akilia.

Siku kumi zikapita. Barua iliandikwa na binamu yake Gracjan, ambaye kitaaluma alitengeneza mashine za kukatia nyasi lakini alikuwa na muhuri mzuri sana. Ilitaja kasoro tisa. Giaboksi inakata roho. Chesisi imeoza. Breki ni hatari kwa maisha ya watu. Kasoro ya tisa ilikuwa "harufu isiyoelezeka", kwa sababu Gracjan aliishiwa na mawazo na chakula kilikuwa kinapoa. Mwishoni, kama ilivyo desturi ya barua hizo, iliandikwa kwamba mnunuzi anadai theluthi, au anavunja mkataba na kurudisha gari. Hayo maneno ya kurudisha gari yaliwekwa kwa ajili ya kuipa barua uzito. Hakuna aliyewahi kuyachagua.

Siku hiyo hiyo Seweryn alilivalisha gari matairi mapya kwa mkopo, akaweka tangazo lake: "Gari ni sindano, halina hata kutu. Haliombi hata senti. Mjerumani alilia alipoliuza." Mjerumani mwenyewe ni Hipolit Gaweł, ambaye hajawahi kuvuka mji wa Łódź, lakini kulia kweli alilia.

Alhamisi akaja Bi Dobrosława Kulik, mwalimu wa udereva, mwanamke wa mabega mapana na sauti iliyozoea kusema "simama" mara moja tu. Alikuja na fundi. Fundi alilala chini ya gari saa nzima, akatoka, akamnong'oneza Bi Kulik sikioni.

"Elfu thelathini na nane," Bi Kulik alisema. "Nitaleta Jumamosi asubuhi."

"Dada yangu, kuna watu watatu wananipigia simu. Niachie kishika uchumba."

Aliacha elfu nne, wakaandikiana. Seweryn alimsomea kwa sauti kifungu alichokipenda: mnunuzi akighairi, pesa zake zimepotea. Kifungu kinachofuata, kwamba muuzaji akishindwa kutoa gari anarudisha mara mbili, kilisomeka chenyewe kimyakimya. Bi Kulik akaangalia kadi ya gari, akaangalia saini ya Seweryn, akaondoka.

Jumamosi ilipofika Seweryn alinyoa ndevu mara mbili. Hesabu yake ilikuwa safi: saa nne anapokea pesa, saa tano yuko ukumbini, na Bogna hatajua kwamba bahasha iliwahi kusafiri. Saa nne kasoro Bi Kulik akaingia getini. Nyuma yake, amevaa tai na kukumbatia mkoba wa ngozi, akaingia Bwana Gaweł.

"Samahani sana, Bwana Pazdur," mzee alisema. "Sijalala tangu nipate barua yako. Nimekuuzia jeneza."

"Mzee wangu, karibu ndani, mambo haya ni ya faragha..."

"Yatakuwaje ya faragha na huyu mama anataka kufundishia watoto wa watu humo ndani?" Akavaa miwani, akafungua barua, akaanza kusoma kwa sauti ya msomaji wa kanisani. "Kwanza, giaboksi inakata roho."

Alisoma zote tisa. Kwenye breki alitulia kidogo kwa heshima. Bogna alikuja dirishani na sahani mkononi.

"Mmejuana vipi nyie?" Seweryn aliuliza.

"Jina la kwenye kadi si lako," alisema Bi Kulik. "Nikampigia mwenye jina, nimuulize kwa nini anauza. Mbona umebadilika rangi?"

"Mzee, nirudishie theluthi tu, yaishe," Seweryn alinong'ona. "Hata robo."

"Robo haitengenezi breki. Umeandika mwenyewe: au unavunja mkataba na kurudisha gari. Nimekubali." Mzee akafungua mkoba. "Elfu ishirini zako, zilezile, sikuzigusa. Mimi, bwana, nilikaa dirisha la malalamiko la duka la viatu miaka thelathini na moja. Mteja akisema kiatu kibovu, mpe pesa yake, chukua kiatu. Ukianza kubishana naye juu ya kisigino, huli chakula cha mchana."

"Mimi nina swali moja," Bi Kulik alisema. "Tangazo lako linasema gari ni sindano. Barua yako inasema litaua mtu. Nijibu, gari ni zima au bovu?"

Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi yule angalau kila njia ilikuwa na harufu ya nyama. Seweryn hakunusa chochote. Akisema zima, barua ni ya uongo, muhuri ni wa uongo, na Gracjan angemtaja kwa polisi kabla hawajakaa kwenye kiti. Akisema bovu, tangazo ndilo la uongo, gari linarudi kwa mzee, na kishika uchumba kinarudi mara mbili. Alilitazama gari, likang'aa bila huruma.

"Bovu," alisema.

"Kwa sauti, huyu wa dirishani hajasikia."

"Nimesikia," alisema Bogna.

Seweryn akapokea elfu ishirini kwa mkono huu, akahesabu elfu nane kwa mkono ule, nne za Bi Kulik na nne za kumtia yeye adabu. Zile nne alizopewa Alhamisi zilishakwenda kwenye matairi na kwa Gracjan. Bwana Gaweł alikuwa na karatasi ya kuvunja mkataba tayari, imepigwa mistari kwa rula. Seweryn akatia saini, akatoa funguo.

"Na matairi yangu mapya?"

"Matairi yako kwenye gari, na gari ni langu," mzee alisema kwa upole. "Lakini kama una dai, niandikie barua."

Bi Kulik alikuwa ameshaegemea boneti. "Mzee Gaweł, unaliuza?"

"Bovu hili?"

"Fundi wangu anasema angelioa kama asingekuwa na mke. Elfu thelathini, hapa hapa."

Wakaandikiana juu ya boneti, kwa kalamu ya Seweryn, kwa sababu yao iliisha wino. Mzee alipomaliza akachukua ile barua yenye muhuri, akaibana nyuma ya mkataba.

"Hii tunaiambatisha. Kasoro tisa, mnunuzi kazisoma, kazikubali, saini chini. Asije mtu kesho akaniambia nilimficha kitu."

Bi Kulik akatia saini chini ya harufu isiyoelezeka, mabega yanatikisika kwa kicheko. Kwa miaka minane Seweryn aliishi kwa kuwawinda wauzaji waliosahau kuandika kasoro. Leo alikuwa ametengeneza, kwa gharama zake, muuzaji ambaye hakuna mnunuzi wala wakili atakayemgusa.

Bwana Gaweł alimpa mkono. Macho yake yalikuwa mapole vilevile, na Seweryn hakuweza kujua, wala hajajua mpaka leo, kama nyuma yake kulikuwa na mjinga au mwalimu. "Asante, bwana. Watu siku hizi hawajui kulalamika. Wewe unaandika vizuri."

Gari likatoka getini bila kukohoa. Bogna akatoka nje anajifuta mikono, akanyoosha kiganja. Seweryn akamwekea noti zilizobaki.

"Elfu kumi na mbili," alisema alipomaliza kuhesabu. "Ukumbi ni kumi na nne. Saa sita."

"Mke wangu, nipe wiki moja, nimeona tangazo Kielce, mjane mmoja..."

"Lete simu."

Alilipiga picha gari jeusi la Seweryn lililoegeshwa uani, lile alilolipenda kuliko hirizi. Mlango uliobonyea aliupiga picha kwa karibu kabisa, kisha akaandika, midomo ikitembea: "Ninauza gari la mume wangu. Limegongwa mara mbili. Mlango wa kushoto ni wa gari jingine. Kilomita mnazoziona ni za uongo, ongezeni laki mbili. Bei elfu tano, taslimu, leo. Mwenye lalamiko alalamike sasa. Mimi ni Bogna. Msiongee naye."

Nusu saa haijaisha, wanaume wawili walikuwa getini wanagombea nani alifika kwanza. Wa tatu alikuwa anapiga simu kutoka barabarani, anaomba wamngoje, anaongeza mia tatu. Seweryn alisogea, akajiweka sawa kola, tabasamu la kazi likamjia lenyewe. Akafungua mdomo ili alisifie gari.

"Nyamaza," Bogna alimwambia. "Utaliharibia soko."